Kadi ya Krismasi ya mkono: ikipinda, ikichafuka, ikikosewa herufi

Kadi nyingi za mkono haziuawi na ajali yenyewe. Tone la gundi likidondoka pasipotakiwa, ukilingoja dakika chache linabanduka kwa ncha ya kidole. Kinachoiharibu kadi ni kile kitambaa kibichi unachokimbilia kulifutia. Hivyo pamoja na namna ya kutengeneza, utakuta humu wakati wa kuweka mkono na wakati wa kuuondoa.

Picha tutakayobandika ni ya mkrismasi, ule mti wenye umbo la mwavuli unaowaka maua mekundu Desemba kando ya barabara na kwenye viwanja vya shule. Shina litakuwa ganda kavu la mgomba, maua yatakuwa vipande vya kitenge. Vyote viwili hupatikana bure au kwa hela ya soda. Halafu mti wenyewe haukuumbwa kwa rula: ua likikaa kombo hakuna atakayejua. Anayeanza asijipe kazi ya nyota yenye pembe tano sawasawa, maana kosa la milimita moja linaonekana tangu mlangoni.

Vitu vya kuandaa

Ukitaka kadi tano, kata karatasi za kadi nane. Hizo tatu za ziada si ubadhirifu. Mtu mwenye karatasi ya akiba mkononi haogopi, na mkono usioogopa hukosea mara chache.

- Manila nyeupe au ya maziwa, ukubwa wa A4, karatasi nne, uzito wa gramu 200 hadi 250 kwa mita ya mraba. Manila nyingi za madukani ni nyepesi kuliko hapo. Kunja kipande, kisimamishe mezani; kikilala chenyewe, tafuta nyingine.
- Kitenge chenye wekundu mwingi, kipande cha sentimita 20 kwa 30. Muulize fundi cherehani, kapu lake la mabaki halikosi.
- Maganda ya mgomba yaliyokauka yakiwa bado yameshika shina. Yaliyoanguka chini huwa na ukungu hata kama huuoni.
- Gundi nyeupe ya maji, mililita 100 zinatosha na kubaki.
- Rula ya chuma, wembe au kisu cha karatasi, penseli, ufutio, brashi ndogo, na kalamu ya biki iliyokwisha wino. Usiitupe hiyo biki, ndiyo chombo chako cha kukunjia.
- Pasi, mifuko miwili ya plastiki ya kuwekea karatasi kwenye faili, na vitabu vizito.

Rula ya plastiki inafaa kupima tu. Ukikatia kwayo, wembe unaitafuna ukingo, na kuanzia siku hiyo kila mstari utakaopiga utakuwa na mapengo.

Mpangilio wa kazi ni nusu ya bima

Wengi huanza na mapambo kwa sababu ndiyo raha, wakamalizia na maandishi. Matokeo yake, siku wanayoandika KRISMSI, wanakuwa wameharibu kazi ya saa mbili. Geuza. Kata na kunja kwanza, andika pili, bandika tatu, punguza kingo mwisho. Kosa la herufi likitokea kabla hujabandika lolote, umepoteza karatasi moja na dakika kumi.

Kukata na kukunja

Kata kila A4 katikati ya upande mrefu upate vipande viwili vya milimita 210 kwa 148. Kila kipande ukikikunja katikati kinakuwa kadi ya milimita 105 kwa 148, inayoingia kwenye bahasha ya kawaida ya milimita 114 kwa 162.

Wembe usiukandamize. Pitisha mara tatu kwa mkono mwepesi. Mara ya kwanza ni ya kuchora njia tu. Ukingo ukitoka na nywele nywele, wembe ni butu. Badilisha, usiongeze nguvu, maana nguvu ndiyo inayopeleka wembe kwenye kidole kilichoshika rula.

Sasa mkunjo, na hapa pana jambo ambalo watu hawaambiwi. Karatasi ina nyuzi, na nyuzi zimelala upande mmoja, kama mbao. Ukikunja kufuata nyuzi, mkunjo unakuwa safi. Ukikunja kuzikatiza, uso wa karatasi unapasuka na kuacha vinyweleo vyeupe, hasa kwenye manila ya rangi. Kuzijua ni rahisi: ishike karatasi kwa viganja viwili, ipinde kidogo bila kuikunja, kisha igeuze robo duara uipinde tena. Upande unaokubali bila kubisha ndio uliofuata nyuzi. Karatasi za A4 mara nyingi zina nyuzi zilizolala kwa urefu, ndiyo maana kadi ndogo ya nusu A4 hukunjika vizuri, wakati A4 nzima ikikunjwa katikati hupasuka mgongo. Manila zile kubwa za kukata mwenyewe zinaweza kuwa upande wowote, kwa hiyo pinda kwanza.

Weka alama ya penseli kwenye milimita 105 juu na chini, laza rula, kisha pitisha biki isiyo na wino mara mbili kwa kukandamiza. Utapata mfereji upande wa juu na tuta jembamba upande wa chini. Kunja kuelekea kwenye tuta, yaani tuta libaki ndani ya kadi na mfereji uonekane nje. Wengi hukunja kinyume kwa kuwa mfereji unaonekana kama unaita. Ukiufuata, nyuzi za nje zinavutwa mno na mgongo unachanika.

*Mgongo umeshapasuka?* Kama ni vinyweleo tu, sugua mgongo kwa nyuma ya kijiko kupitia karatasi laini, kisha bandika ukanda wa kitenge wa milimita 12 kwa urefu wote wa mgongo. Utaonekana ni pambo. Kama umechanika hadi ndani, kata kwenye mkunjo na utumie upande mmoja kama kadi bapa ya kuandikwa nyuma. Wala hutakuwa umebuni jambo: kadi ya kwanza ya Krismasi kuuzwa, ile ambayo Henry Cole aliichapisha London mwaka 1843, ilikuwa kipande kimoja bapa kisicho na mkunjo.

Kingo mbili za kadi iliyokunjwa hazikutani sawasawa? Ziache. Zinapunguzwa mwisho, kadi ikiwa imefungwa, kwa mkato mmoja. Ukipunguza sasa utapunguza tena baadaye, na kadi itazidi kuwa nyembamba.

Maandishi

HERI YA KRISMASI ina herufi 14 na nafasi mbili. Usianzie kushoto ukiomba Mungu itoshe. Herufi I ni nyembamba, ihesabu nusu. M ni pana, ihesabu moja na nusu. Nafasi kati ya maneno ihesabu nusu. Nyingine zote moja moja. Jumla inakuja 14. Ukiipa kila hesabu milimita 5, mstari wote ni milimita 70, na kadi yenye upana wa milimita 105 inabakiza milimita 17 na nusu kila upande. Katikati ya kadi itaangukia kwenye K, siyo kwenye ile nafasi kabla yake. Piga mistari miwili hafifu ya penseli, mmoja milimita 20 kutoka ukingo wa chini na mwingine milimita 6 juu yake, weka vituo vya herufi, andika kwa penseli, soma kwa sauti herufi moja moja, ndipo ushike kalamu.

Kwa sauti, ndiyo. Jicho likishajua neno linalotarajiwa hujaza lenyewe herufi iliyokosekana, na kwa kuwa wengi tunatamka "Krismas", ile I ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi.

Kalamu ijaribu kwenye kipande ulichokata. Maka kwenye manila hafifu hutambaa na herufi ikaota ndevu, na wino wa jeli unang'aa lakini hukokotwa na kiganja. Weka karatasi safi chini ya mkono unaoandika, na anayeandikia kushoto aanze na neno la mwisho akirudi nyuma, kwani vituo vya penseli vinamruhusu. Kabla ya kufuta penseli ngoja saa nzima, na kama uko pwani kwenye unyevu wa vuli, ngoja mbili.

*Herufi imekosewa.* Usifanye chochote kwa dakika kumi. Wino mbichi ukiguswa unakuwa doa, lakini ukikauka unabaki kuwa mstari, na mstari unatibika. Kisha chagua:

Kama kosa ni kijimstari kilichozidi, kwangua kwa pembe ya wembe mpya ulioulaza, ukigusa juu juu kama unayenyoa kipele. Manila ya gramu 200 inavumilia. Sugua mahali hapo kwa nyuma ya kijiko ili nyuzi zilale. Usiandike tena juu ya sehemu iliyokwanguliwa, kwani ule uso wa juu unaozuia wino haupo tena na herufi mpya itatambaa kama maji kwenye shashi.

Kama ni herufi nzima au neno, andika upya kwenye ukanda wa manila wa milimita 85 kwa 16, ubandike juu ya maandishi ya zamani. Ukanda uwe wa rangi tofauti kidogo na kadi. Ukiutafutia rangi ileile kabisa, utaonekana kiraka. Ukiwa wa khaki juu ya nyeupe, utaonekana umekusudiwa.

Wino wa kufutia, ule mweupe wa maofisini, uache huko maofisini. Hung'aa tofauti na karatasi na ndicho kitu cha kwanza jicho litakachokiona.

Shina la mgomba

Ganda kavu likikatwa likiwa kavu kabisa linavunjika kama biskuti. Lifute pande zote kwa kitambaa chenye unyevu, liache dakika 10 hadi 15 lilainike, kisha lipige pasi ya moto wa kati, bila mvuke, ukiwa umelifunika kwa kitambaa cha pamba. Pasi ya moto wa pamba italiunguza likawa na mng'ao wa kahawia usioondoka. Kata shina lenye urefu wa milimita 55, upana wa milimita 12 chini na 7 juu, pamoja na matawi mawili membamba yanayopanuka kama mikono ya mtu anayeshangilia. Rangi za ganda zinatofautiana kutoka ya majani makavu hadi karibu nyeusi. Lile lenye michirizi ndilo zuri kwa shina, na michirizi isimame.

Shina likipasuka kwa urefu wakati unabandika, furahi kidogo. Miti ya kweli ina mipasuko. Likivunjika kwa upana, sogeza vipande viachane kwa milimita moja kisha funika pengo kwa kipande kingine chembamba cha mshazari, litakuwa tawi.

Gundi usiimimine moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Mimina kidogo kwenye kifuniko, chukua kwa kipande cha manila, na upake nyuma ya ganda safu nyembamba kiasi kwamba michirizi bado unaiona. Kwa shina lote, ujazo wa punje mbili za mchele unatosha. Kandamiza kuanzia katikati kwenda nje.

Maua ya kitenge

Kitenge kipya kina dawa ya kukikakamaza na mara nyingine rangi iliyozidi. Kifue kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kisuuze mpaka maji yatoke safi, kianike, kipige pasi. Kisha kijaribu: kandamiza kitambaa cheupe chenye maji juu ya wekundu kwa dakika moja. Kikitoka na waridi, rudia kufua. Ukiruka hatua hii, maji yaliyomo kwenye gundi yatabeba rangi mpaka kwenye manila, na utapata kivuli cha waridi kuzunguka kila ua.

Kabla ya kukata, changanya gundi na maji sawa kwa sawa, paka upande wa nyuma wa kitenge kwa brashi, kianike kikauke kabisa. Sasa kinakatika kama karatasi na nyuzi hazifumuki. Njia nyingine ni kile kitambaa chenye gundi ambacho mafundi hubandika kwa pasi ndani ya kola. Ni safi zaidi, na kama fundi wako anacho, omba kipande.

Kata maua yapatayo 40 kwa kila kadi, ya milimita 6 hadi 10, yasiwe sawa. Anza kuyapanga bila gundi: kichwa cha mti kiwe kipana kuliko kilivyo kirefu, takriban milimita 80 kwa 35, chini kiwe bapa na juu kiwe na mabonde. Kosa la kawaida ni kukipa umbo la mpira, mti ukageuka mwembe. Penyeza vipande vichache vya kijani au njano kutoka kwenye kitenge hichohicho, na machache uyaache chini ya mti kama yaliyopukutika.

Bandika kwa ncha ya kijiti cha kibiriti, nukta moja katikati ya ua. Kingo ziache huru, ndizo zinazoupa mti uhai. Ukipaka gundi ua zima itapenya mpaka mbele na kuacha doa jeusi linalong'aa, ambalo halitoki kwa namna yoyote. Ua hilo litolewe likiwa bichi au lifunikwe na jingine.

*Tone la gundi kwenye manila tupu.* Liache. Likianza kupoteza weupe na kuwa laini kama bazoka, lisukume kwa ncha ya kidole kikavu, litajiviringisha. Litabaki vumbi la mng'ao hafifu, ambalo ua moja lililopukutika linalificha. Alama za vidole vyenye gundi zikishakauka, ufutio safi huziondoa.

*Tone la damu* kutoka kwenye ule wembe: funga kidole kwanza. Kisha gusa doa kwa pamba yenye maji ya baridi, si ya moto, maana joto hugandisha damu kwenye nyuzi. Likibaki, mti una maua mekundu 40 na hakuna atakayehesabu la 41.

*Doa la chai.* Pete ya kikombe haifutiki kwenye karatasi. Ikiwa bado hujabandika kitu, chemsha chai ya rangi nzito, ipoe, na upake karatasi nzima kwa brashi pana pande zote mbili, uianike ikiwa imelazwa. Itakauka na rangi ya karatasi kuukuu, inayopendeza sana na ganda la mgomba. Fahamu tu kwamba wino wa jeli uliokwisha kuandikwa unaweza kuyeyuka.

Kadi imejipinda

Hili litakupata hata ukifanya yote sawasawa. Karatasi ikinywa maji ya gundi hutanuka, gundi ikikauka hujivuta, na uso wa mbele unajikunja kuelekea upande uliobandikwa. Usiinyooshe kwa mikono, utaongeza mkunjo usiotakiwa. Fanya hivi:

1. Ngoja gundi ikauke, angalau saa moja.
2. Futa upande wa ndani wa ukurasa wa mbele kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, unyevu tu, ukikwepa maandishi.
3. Funga kadi ndani ya mfuko wa plastiki wa faili, weka shashi juu ya maua, kisha vitabu vizito.
4. Baada ya saa moja itoe kwenye plastiki, iweke kati ya karatasi kavu na uirudishe chini ya vitabu kwa saa 24. Ukiiacha kwenye plastiki usiku kucha, unyevu hauna pa kutokea, na ganda la mgomba litaota ukungu.

Ikiwa bado inabisha, bandika karatasi ya kawaida ya kuandikia, milimita 140 kwa 98, nyuma ya ukurasa wa mbele, kwa safu nyembamba ya gundi iliyoenea kote. Sasa pande zote mbili zinavuta sawa na kadi inatulia.

Uji wa ngano unaweza kushika nafasi ya gundi, lakini una maji mengi zaidi, hivyo kupinda nako ni kwingi, na mende huupenda. Gundi za kukauka papo hapo zinakakamaza kitenge na kuacha ukungu mweupe. Hizo ni za viatu.

Kupunguza kingo na bahasha

Kadi ikiwa imefungwa na imekauka, laza rula milimita moja au mbili ndani ya ukingo wa wazi na ukate kurasa zote mbili kwa pamoja. Mkato wa kwanza uwe mwepesi sana, kwani ndio unaoweza kuteleza. Ukiteleza ukaingia ndani, punguza kadi nzima mpaka ulipofikia. Kadi ya milimita 98 kwa 148 haina kilema.

Bahasha ikikosekana, A4 ya khaki inatosha moja. Panga urefu wake hivi: kifuniko milimita 50, uso wa kati milimita 114, pande la chini milimita 110. Upana wa uso ni milimita 162, na pembeni mwake acha masikio ya milimita 20 kila upande. Kifuniko na pande la chini havina masikio, yakate. Kunja masikio ndani, paka gundi juu yake, pandisha pande la chini.

Kabla ya kutia kadi, laza shashi juu ya maua. Kama inakwenda posta, weka pia kipande cha boksi jembamba upande wa picha, na andika anwani kabla ya kadi kuingia. Kalamu ikikandamizwa juu ya bahasha iliyojaa huacha mifereji kwenye shina la mgomba, na ganda hilo halirudi tena.